Bendera Niliyomwinulia Mshumaa

Nilimwinulia mchumba wangu bendera nyekundu siku ya Jumamosi, na Jumapili yake mama yake na wajomba zake walikuwa waje kwetu kuzungumza na wazazi wangu habari za ndoa. Mama yangu alikuwa ameshaazima viti. Baba alikuwa ameshanyoa ndevu, mtu ambaye ndevu zake huzikumbuka siku ya msiba tu. Sasa niambie, ni mwanamke gani mwenye akili timamu anayefanya jambo kama hilo? Ngoja nikujibu mwenyewe: mwanamke anayeendesha mashua za mashindano.

Mchezo wetu hauna refa. Kule majini hakuna mtu wa filimbi wala wa kadi. Mashua zinaondoka pamoja, zinazunguka maboya, na sheria kila mmoja anaibeba kichwani mwake. Ukimkosea mwenzako unajihukumu mwenyewe: unaizungusha mashua yako mizunguko miwili mizima pale pale, wenzako wanakupita wakikucheka, halafu unaendelea na safari yako, kosa limekwisha. Ukijifanya hujui, uliyemkosea anapiga kelele "Napinga!" na kuinua kibendera chekundu. Basi mtakutana nchi kavu, mbele ya kamati.

Huyo mchumba wangu klabu nzima inamwita Mshumaa, kwa urefu wake na kwa ile tabia yake ya kusimama wima hata pale wenzake wanapoinama. Kazi yake ni kupima ardhi. Mimi naitwa Cherehani. Wapo wanaosema ni kwa sababu nashona matanga katika karakana ya klabu, na wapo wanaosema ni kwa sababu ya mdomo. Sijawahi kugombana na upande wowote.

Siku ile ilikuwa mbio ya mwisho ya msimu. Bingwa alikuwa anachukuliwa na timu ya kulipwa, ile ya mashua kubwa zinazoshindana bahari hadi bahari, na mtu akishaingia humo mwaka mzima haonekani kwao. Ubingwa ulikuwa wa watu wawili tu: Mshumaa, na daktari mmoja wa meno anayeendesha mashua pamoja na mkewe. Mimi nilikuwa wa tano kwa pointi za msimu. Hata watu wawili wangevunjikiwa milingoti nisingepata chochote, na hilo naomba ulishike, maana ndilo lililoleta balaa.

Tulikuwa tunateremka na upepo mgongoni kuelekea boya la mwisho. Mimi nilikuwa ndani, upande wa boya. Mshumaa alikuwa nje, pua ya mashua yake imetangulia yangu kidogo tu. Sheria ya hapo hata aliyejiunga jana anaijua: aliye ndani anapewa nafasi ya kuzunguka, aliye nje anampisha.

"Nafasi!" nikapaza sauti.

Akageuka, akanitazama. Yale macho nayajua mimi. Ndiyo yaliyonitazama juu ya meza yangu ya kushonea siku alipoleta tanga lililochanika, akalileta tena wiki iliyofuata likiwa limechanika pale pale, mpaka nikamwambia ukinitaka sema, usiniharibie kitambaa. Macho ya upole. Akanitazama hivyo hivyo, kisha akausukuma usukani, akanikatia mbele, akalizunguka boya yeye.

"Anatugonga huyo!" binamu yangu akapiga ukelele. Binamu ndiye msaidizi wangu wa mbele, wanamwita Nanga kwa uzito wake. Nikaivuta mashua pembeni kwa nguvu zangu zote. Tanga likavuka upande wa pili kwa kishindo, mashua ikalala, maji yakaingia hadi magotini.

Hatukupinduka. Kamba ya bendera ilikuwa hapo karibu na mkono wangu, na nisikudanganye, nilipata muda wa kuwaza. Niliwaza vile viti vya kuazima. Niliwaza ndevu za baba. Nikaiinua.

"Napinga!"

Alisikia. Nilimwona akigeuza shingo. Nikasubiri azungushe mashua yake mara mbili kama mtu muungwana, nikasubiri, nikasubiri. Hakuzungusha. Aliumaliza mchezo mbele ya daktari wa meno, na ufukweni watu wakamshangilia bingwa wao.

Tulipofika nchi kavu habari zilikuwa zimeshatutangulia. Tulivuta mashua juu ya mteremko wa zege, nikachukua mpira wa maji nikaanza kuisuuza, na kila aliyepita alipunguza mwendo anitazame. Mmoja akasema, si kwa sauti ndogo, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nikamgeuzia mpira wa maji kidogo, kwa bahati mbaya.

"Binamu," Nanga akauliza kwa unyenyekevu, "hiyo kesho mimi nije au nisije? Shati nimeshalipiga pasi."

"Nanga, nipishe."

Akanipisha, maana Mshumaa alikuwa anakuja. Alikuwa bado amevaa jaketi lake la uokozi, nywele zimeloa. Mwenzenu hata katika hasira ile niliona jinsi alivyopendeza, nikajichukia.

"Futa," akasema.

"Salamu kwanza."

"Cherehani, sina mchezo. Kamati haijakaa. Aliyepinga ana ruhusa ya kufuta kabla haijakaa, wewe unajua."

"Ulinifungia njia."

"Ilikuwa karibu karibu tu. Mambo ya boyani hayo, kila wiki yanatokea."

"Ebo! Mpima ardhi mzima, leo hujui umbali?"

Akafunga macho, akashusha pumzi. "Sikiliza. Mimi nikifutwa, bingwa ni daktari wa meno. Wewe unabaki pale pale, wa tano. Wa tano hapewi hata kikombe. Unapata nini?"

"Sipati kitu."

"Unapata." Sauti yake ikashuka, na hapo nikaogopa, kwa sababu Mshumaa akikasirika kweli hapigi kelele. "Unapata mimi nibaki. Ulisema mwenyewe mbele ya watu, kwamba ungeweza ungenitoboa mashua. Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka. Kumbe hukuwa unatania."

Maji ya mpira yalikuwa yanamwagika juu ya miguu yangu, nami nimesimama tu. Nimekwambia wananiita Cherehani. Siku ile uzi ulikatika.

"Nilikuwa nakwenda kututafutia maisha," akaendelea. "Mwaka mmoja. Ulisema utanisubiri."

"Nilisema, na ningekusubiri."

"Basi futa."

"Siwezi."

Alinitazama kama mtu anayesubiri kitu kingine kisemwe. Kisha akageuka akaondoka, wima vile vile.

Nilibaki nasuuza mashua ambayo ilishatakata. Nikajiuliza bila kujionea huruma: Je, ni kweli? Kwamba sikutaka aondoke, hilo ni kweli tupu. Toka barua ya ile timu ilipozungumzwa klabuni nilikuwa nalia huku nashona, na kitambaa cha tanga hakifyonzi machozi, yanateleza tu. Mwaka mzima bila kumwona! Bila kusikia kikohozi chake cha uongo mlangoni mwa karakana. Sasa mtu mwenye moyo kama huo anainua bendera, atajuaje mkono umesukumwa na sheria au umesukumwa na moyo? Nilijipekua huku na huku. Nilichojua ni kimoja: ningekatiwa njia vile na mtu yeyote, ningeinua. Lakini hilo nalijua mimi, na nitamwonyesha nani?

Nikaenda kubadilisha nguo.

Sijui kama umewahi kuvaa suti ya mpira ya majini. Kuivaa ni kazi, kuivua ikiwa imeloa ni vita. Nilikuwa nimeishusha nusu, mikono yote miwili imenasa nyuma ya mgongo, peke yangu katika chumba cha wanawake, najinyonganyonga, mlango ukafunguliwa. Akaingia mama yake Mshumaa.

Mwalimu mkuu mstaafu. Amevaa viatu vya kufunika, mkoba mkononi, miwani imetulia. Klabu hakuwa akija mara nyingi, siku ile alikuja kumwona mwanawe akitawazwa.

"Shikamoo mama," nikasema, mikono bado nyuma kama mfungwa.

"Marahaba. Geuka."

Nikageuka. Akaweka mkoba kwenye benchi, akaushika ule mpira pale kiwikoni, akaanza kuvuta. Alikuwa na nguvu, mama yule.

"Nimeambiwa unaweza kufuta," akasema nyuma yangu.

"Naweza, mama."

"Mwanangu amenieleza. Amesema ni jambo dogo, mmegombea njia. Watu wanaopendana hawapelekani mbele ya kamati. Lete mkono mwingine."

Nikaleta.

"Huyu nimemlea peke yangu, binti. Baba yao aliondoka mdogo wake wa mwisho akiwa bado anatambaa. Nimefundisha watoto wa watu mchana, jioni nikamfundisha wa kwangu. Leo ndiyo siku niliyoingoja. Halafu anayesimama mbele yake ni mkwe wangu mtarajiwa! Mimi kesho nikae na wazazi wako, niseme nini? Nimeleta posa kwa mshitaki?"

"Mama, alinikosea. Angezunguka mara mbili tu pale pale, yangekwisha."

"Na angepoteza ubingwa."

"Ndiyo, mama."

Mkono wa pili ukatoka kwa ghafla, nikayumba, akanishika bega nisianguke. Tukawa tumesimama uso kwa uso, mimi nikiwa na nguo ya ndani na mpira ukining'inia kiunoni. Sijawahi kujiona uchi kiasi kile.

"Nikwambie kitu ambacho mama yako hajakwambia," akasema, safari hii kwa upole. "Ndoa ni kunyamaza. Unaona, unanyamaza. Unasikia, unanyamaza. Nyumba ndivyo inavyosimama."

Nilitaka kusema sawa, mama. Wallahi ulimi uliinama kabisa. Mtu amenivua suti, amenishika nisianguke, anaongea nami kama mtoto wake. Na kesho viti vitakuwa vimepangwa.

"Mama," nikasema, "akijua kwamba leo nimenyamaza, atanikatia njia kila siku. Si boyani tu. Nyumbani pia. Na mimi nitazoea kukaa pembeni, halafu siku moja nitamchukia. Sitaki kumchukia, mama. Nampenda mno."

Akachukua mkoba wake, akaufungua, akaufunga bila kutoa kitu.

"Usipofuta, kesho hatuji," akasema, akatoka.

Kamati ilikaa katika chumba kidogo nyuma ya mahali pa chai, madirisha wazi kwa sababu ya joto. Mwenyekiti alikuwa mkunga mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, aliyewapokea duniani nusu ya wanachama wa klabu na hasahau kuwakumbusha. Mezani kulikuwa na mashua ndogo za mbao, moja nyekundu moja nyeupe, kifuniko cha chupa ndilo boya, na mshale wa karatasi kuonyesha upepo unatoka wapi. Nje ya dirisha, kwenye benchi la barazani, nilimwona mama yake Mshumaa amekaa na mkoba mapajani. Alikuwa mahali pa kusikia kila neno.

"Kabla sijafungua," mkunga akasema, akinitazama mimi, "anayetaka kufuta, afute sasa. Hakuna atakayemcheka."

Mshumaa alikuwa amekaa ng'ambo ya meza. Hakunitazama. Alikuwa anatazama mikono yangu.

"Sifuti," nikasema.

Nikasikia benchi la nje likilia, kama mtu amejigeuza.

"Haya. Onyesha."

Nikaichukua ile nyekundu nikaiweka ndani, karibu na kifuniko. Nikaichukua nyeupe nikaiweka nje, pua imetangulia kidogo. Nikaeleza: nilikuwa hapa, alikuwa pale, niliomba nafasi, alinitazama, akakata. Sikuongeza chumvi. Ni mara ya kwanza maishani nimeeleza jambo kwa maneno machache.

"Mwenzako," mkunga akasema.

Mshumaa akainyanyua ile nyeupe, akaisogeza mbele, mbali na yangu, ikawa peke yake kabisa. "Nilikuwa hapa," akasema. "Nilishamwacha. Hakuwa na haki ya nafasi."

"Ulisikia akiomba?"

"Kulikuwa na makelele."

Mkunga akaandika kitu, akaagiza shahidi aitwe. Shahidi alikuwa msaidizi wa mbele wa Mshumaa, naye ni mdogo wake wa mwisho, binti mcheshi ambaye tulikuwa tumeshaanza kuitana wifi kwa siri. Akaingia akiwa amejifunga taulo, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mwanangu," mkunga akamwambia, "ulisikia mwenzenu akiomba nafasi?"

"Upepo ulikuwa mwingi..."

"Sijakuuliza upepo."

Binti akatazama dirishani. Mama yake alikuwa ametazama mbele, hajageuka. Akamtazama kaka yake. Kisha akatazama sakafu.

"Sikusikia," akasema. Masikini, hajui kusema uongo yule. Shingo yake ilikuwa imeiva kabisa.

Mkunga alikuwa amenyanyua kalamu. Mshumaa alikuwa anamwangalia mdogo wake, na niliona kitu usoni mwake kikilegea. Akanyoosha mkono wake mrefu juu ya meza, akaichukua ile mashua nyeupe, akairudisha. Taratibu, kwa vidole viwili, akaiweka kando ya nyekundu, kwa nje, pua imetangulia kidogo tu. Pale pale nilipokuwa nimeiweka mimi.

"Usinibebee," akamwambia mdogo wake. "Alisikia, mama mwenyekiti. Mimi pia nilisikia."

"Ulisikia, ukafanya nini?"

"Nikamtazama."

"Halafu?"

"Nikaona ni yeye." Akaigusa ile mashua nyekundu. "Angekuwa daktari wa meno ningempisha. Angekuwa mtu mwingine yeyote ningempisha. Nilimkatia kwa kuwa ni yeye. Nilisema moyoni, huyu ni wangu, huyu ataninyamazia."

Nilidhani mtu akikiri ukweli uliokuwa unaupigania unafurahi. Mimi nilihisi kama nimepigwa kofi. Kwa hiyo hakuwa amekosea umbali. Hakuwa amepitiwa. Mapenzi yangu ndiyo aliyoyapigia hesabu, akayaona ni njia tupu ya kupita. Nikafumba mdomo kwa nguvu, maana ningeufungua ningelia mbele ya kamati.

Mkunga hakuchelewa. Mbio ya Mshumaa ikafutwa, na kwa kufutwa huko ubingwa ukaenda kwa daktari wa meno. "Nimekupokea kwa mikono hii ukiwa umetanguliza miguu," akamwambia Mshumaa wakati tunasimama. "Nilijua tu utasumbua. Lakini umetoka."

Nje walikuwa wameshamnyanyua daktari wa meno juu juu wamtupe majini, ndivyo anavyofanyiwa bingwa wetu, na mkewe akikimbia nyuma yao akipiga kelele, "Miwani! Mvueni miwani kwanza!" Benchi la barazani lilikuwa tupu. Mama yake Mshumaa hakuonekana.

Nilimkuta kwenye mashua yake, ameshusha tanga, anajaribu kulikunja peke yake. Tanga halikunjwi na mtu mmoja. Upepo unalichukua huku ukilikusanya kule. Nilisimama nikamtazama akihangaika, na nikasema moyoni, mwache, ahangaike. Halafu nikaenda nikashika ncha ya pili. Ningefanyaje? Tanga lile nimelishona mimi.

Tukakunja mkunjo wa kwanza. Wa pili.

"Ulidhani nitanyamaza," nikasema.

"Ndiyo."

"Kumbe ndiye mke unayemtaka? Wa kunyamaza?"

"Pale boyani nilimtaka huyo." Alikuwa ananitazama usoni, bila kujificha. "Naona aibu, lakini nilimtaka. Nilivyomsikia mdogo wangu anadanganya kwa ajili yangu, nikaona nyumba yetu itakavyokuwa. Wote mnanidanganyia. Mama, yeye, wewe. Nikatishika."

Kwa mbali wakamtupa daktari wa meno majini, chubwi! Watu wakashangilia. Mshumaa akageuza kichwa kidogo kuelekea kule, mara moja tu. Mwaka wake ulikuwa unashangiliwa ukiwa wa mtu mwingine. Hata kama alikosea yeye, niliumia naye.

"Nina jambo la kukwambia," nikasema, "na litakukasirisha. Nimefurahi kwamba huondoki. Nakuonea huruma, halafu hapo hapo nimefurahi, na ninaona haya. Siyo hiyo iliyonifanya niinue bendera. Ila furaha ipo, na siwezi kukuthibitishia kwamba hivyo vitu viwili havijuani."

"Huna haja ya kunithibitishia."

"Mchana ulisema..."

"Nilikuona, Cherehani."

"Uliniona nini?"

"Uliponipinga niligeuka. Ulikuwa unalia. Unainua bendera na huku unalia."

"Thubutu! Nilie mimi? Yalikuwa mawimbi."

Akatabasamu, kwa mara ya kwanza siku ile, tabasamu la huzuni. "Upepo ulikuwa mgongoni, Cherehani. Boya tulikuwa hatujaliacha, hatujageuka kuukabili. Ni wimbi gani lililokurukia usoni?"

Nimeendesha mashua toka nikiwa na meno ya utoto, najua kabisa: ukiteremka na upepo, uso unabaki mkavu.

"Mtu akipata alichokuwa anakitaka halii hivyo," akasema. "Nilijua saa ile ile. Na bado nilikuja pale kwenye mteremko nikakwambia unataka nibaki. Nilikuwa najua si kweli, nikalisema ili ufute. Kamati haikuniuliza hilo, lakini kwangu ndilo baya kuliko la boya. Nisamehe."

Tulikuwa tumebakiza mkunjo wa mwisho. Katika mkunjo wa mwisho mnasogeleana mpaka ncha zikutane, na vidole vyake vikagusa vyangu vikakaa hapo. Vilikuwa vya baridi.

"Sijakusamehe," nikasema.

"Najua."

"Nitakusamehe, lakini siyo leo. Leo nimechoka na miguu inaniuma."

"Nitasubiri. Nina mwaka mzima, sina pa kwenda."

Nikacheka, halafu nikalia, halafu nikashindwa kujua nafanya lipi. Alinivuta kifuani, tanga lote katikati yetu, kitambaa kigumu kinanikwaruza kidevu, sikujali.

"Mama yako amesema kesho hawaji," nikamwambia humo humo kifuani.

"Nitakuja mimi."

"Peke yako? Baba yangu atauliza umeokotwa wapi."

Honi ikalia. Si mara moja. Honi ya mtu aliyezoea kupigia kengele wanafunzi wakakimbia mstarini. Gari la mama yake lilikuwa limesimama langoni, injini inanguruma, binti yake amekaa nyuma ameinamisha kichwa. Mkono ulitoka dirishani ukaashiria. Mshumaa akapiga hatua kuelekea gari.

"Siyo wewe!" mama akapaza sauti. "Huyo!"

Nikaenda. Njia ile fupi kutoka kwenye mashua mpaka langoni niliiona ndefu, na njiani nilitayarisha maneno ya kuagana na familia ambayo sikuwahi kuingia. Nikafika nikainama dirishani. Alikuwa amevua miwani, macho mekundu, ameushikilia usukani wa gari kwa mikono yote miwili.

"Nimesikia kila kitu," akasema, akitazama mbele. "Nimemfundisha yule kusoma, kuhesabu, kuoga. Kukosea akakubali, hilo sikumfundisha. Kila alipokosea nilimfunikia. Nikidhani ndiyo mapenzi."

"Mama..."

"Usinikatize. Leo ameniumiza sana. Ubingwa ameukosa, na mimi nimeshawaambia majirani zangu wote. Na bado nilipokuwa nimekaa pale nje nilimwona mwanangu kwa mara ya kwanza ni mwanamume." Akapangusa jicho kwa kiganja, kwa hasira, kama anafukuza nzi. "Usidhani nimefurahi. Sikufurahi hata kidogo."

"Sawa, mama."

Akavaa miwani. Akatia gia. Gari likasogea kidogo, likasimama tena, na dirisha lililokuwa linapanda likashuka.

"Kesho tutakuja, mimi na wajomba zake," akasema. "Lakini mlango anifungulie mama yako. Wewe bado nimekukasirikia."